Niletee Leso!

Kama umeoa au kuolewa mbali na kwenu, kisa hiki chako. Mie mtoto wa Mjini Unguja, mke wangu binti wa Mombasa. Wote tunasema Kiswahili, tena kila mmoja anadai cha kwao ndicho hasa. Tulipooana watu walitwambia, "Nyie hamna taabu, lugha moja." Moja!

Mwaka 2006 alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Uchungu ukamshika wiki mbili kabla ya siku zake, na mama yangu yuko Pemba harusini. Tukapanda teksi mbio mbio. Chupa ikapasuka humo humo njiani, kanga zote mbili alizochukua zikalowa chapa. Hospitali nikaishia mlangoni, maana wodi ya wazazi si pahala pa wanaume. Baada ya kitambo simu ikalia. Sauti yake imekauka, anapumua kwa tabu: "Niletee leso mbili. Za pamba, laini. Upesi!"

Sasa kwetu Unguja leso ni kitambaa cha mfukoni, cha kufutia jasho na kupengea kamasi. Nikawaza, masikini mke wangu, jasho linamtiririka. Nikakimbia Darajani. Kwa mapenzi niliyonayo sikununua mbili. Nilinunua pakiti mbili, kila moja leso sita, nyeupe, zina mstari wa buluu pembeni. Nikarudi natweta, nikampa nesi, nikasimama pale najiona mume wa mfano.

Dakika tano hazikutimia nesi akatoka na pakiti zangu mkononi, anajizuia kucheka. "Kaka, mwenzio anataka kitu cha kujifunga, hataki kupenga."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikamsikia analia, anamwita mama yake aliyekuwa Mombasa, na bahari yote ile katikati. Du! Sijapata kujiona mjinga namna ile. Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa Makunduchi aliyekuja kumwuguza binti yake kitanda cha pili. Alivua kanga yake ya juu akampa, hata jina hakuuliza.

Kilichonikaa rohoni ni kwamba nyumbani hakuwahi kuniambia leso. Mwaka mzima alisema kanga, kama majirani, ili mawifi wasimcheke. Mie nikadhani keshakuwa Muunguja. Kumbe kila siku alikuwa anabadilisha maneno kwa ajili yangu, na ule uchungu ulipombana akashindwa. Akasema la kwao.

Mtoto alipotimiza arubaini, tukapata nafasi ya kubishana vizuri. Nikachukua kamusi, maana wanaume tukikosea hukimbilia vitabu. Neno la Wareno hili! Kwao ni *lenço*, kitambaa cha mkono au cha kichwani. Walifika Mombasa mwaka 1498, wakang'olewa Ngome ya Yesu mwaka 1698, na nyuma wakatuachia meza, bendera na mvinyo. Hata gereza ni lao, na kwao *igreja* ni kanisa! Hebu pita Forodhani uitazame Ngome Kongwe: ilijengwa palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye kweli ikatumika kama jela. Lakini kwenye leso, nikamwambia, sisi Waunguja ndio tulioshika maana ya asili.

Akacheka. Akanihadithia alivyosimuliwa na bibi yake: zamani, karne ya 19 huko, leso zilikuja kwa mkanda, hazijakatwa. Wanawake wakinunua sita, wanazikata tatu tatu, wanaziunga ubavu kwa ubavu, wanapata nguo moja ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakachapisha nguo nzima nzima. Sisi tukaiita kanga, wanasema kwa madoa ya yule ndege. Mombasa wakabaki na leso yao. Huko kwao liko duka la Kaderdina Hajee Essak, tangu mwaka 1887, lenye ile alama ya "Mali ya Abdulla" unayoiona kwenye pindo. Mke wangu akiitaja utadhani duka la baba yake.

Nikanyamaza, napiga hesabu. Pakiti mbili, sita sita.

"Basi mie nilikuletea leso mbili kamili," nikamwambia. "Ila hazijashonwa."

Akanirushia mto.

Yule bibi tulimpelekea doti mpya mpaka Makunduchi, akakataa katakata mpaka alipomwona mtoto. Zile leso zangu kumi na mbili mtoto alizicheulia zote, hakubakisha hata moja. Na mimba ya pili ilipofika mwezi wa nane, mke wangu begi alilifunga mwenyewe, akanipiga marufuku kununua kitu chochote.