Siku Sita kwa Walakota wa Pine Ridge

Kabla safari haijaanza, kamati ya msikiti wetu hapa Minneapolis ilipokea barua tatu za wazazi, na zote ziliuliza jambo moja: je, vijana watashirikishwa katika ibada zisizo za Kiislamu? Swali lilikuwa la haki. Vijana kumi na wanne, wavulana kwa mabinti, walikuwa wakienda kujitolea Pine Ridge, katika jimbo la South Dakota, kwa Walakota wa Oglala, watu ambao wazazi wetu waliwajua kwa jina la Wahindi Wekundu kupitia filamu za kauboi. Tulijibu kwa maandishi kwamba kazi yetu ni misumari na mbao, kwamba ibada za wenyeji tutaziheshimu tukiwa nje yake, na kwamba mabinti watalala nyumba yao pamoja na akina mama wawili. Mzazi mmoja hakuridhika, akamzuia mwanawe. Wakaenda kumi na watatu.

Mwendo ni wa siku nzima kuelekea magharibi. Tulipita Mankato, mji ambao tarehe 26 Desemba 1862 Wadakota 38, ndugu wa Walakota kwa asili na kwa lugha, walinyongwa kwa pamoja. Mwaka uliofuata jamaa zao wakafukuzwa Minnesota. Tuliwasimulia vijana habari hiyo tukiwa garini, na hapo ndipo tulipotambua kwamba hatujapata kuwaeleza kuwa ardhi uliposimama msikiti wetu ilikuwa ya watu hao. Sisi tuliotoka Kongo, Kenya na Tanzania tumezoea kuulizwa tumetoka wapi. Waliokuwapo kabla yetu walikwenda wapi, hatujapata kuuliza.

Ng'ambo ya mto Missouri, saa za jimbo hilo hurudi nyuma kwa saa moja. Simu za baadhi yetu zilibadilika na nyingine zikabaki, ukazuka mjadala mkali wa wakati wa adhuhuri, hadi kijana mmoja aliposhuka kutazama kivuli cha gari. Jua halikuwa na habari za simu zetu.

Pine Ridge ni nchi ya nyasi na vilima, yenye upepo usiokatika. Familia nyingi huishi katika nyumba za trela zilizoinuliwa juu ya matofali, na wakati wa baridi upepo hupita chini ya sakafu na kugandisha mabomba ya maji. Kazi yetu ilikuwa kuziba uwazi huo kwa mbao, nyumba baada ya nyumba, na kumjengea njia ya kiti cha magurudumu mzee mmoja aliyekatwa mguu kwa maradhi ya kisukari. Mzee huyo alikuwa fundi seremala ujanani. Alikaa kivulini akitusahihisha, na kila msumari uliopinda aliuona.

Ni yeye aliyetusimulia habari za Black Hills. Mkataba wa mwaka 1868 uliwaachia Walakota na jamaa zao milima hiyo. Mwaka 1874 ikatangazwa kuwa ina dhahabu, na 1877 ikachukuliwa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliafiki kwamba walipwe fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Waliikataa, na fedha hizo zimekaa zikizaa hata sasa zimepita bilioni. Vijana walipigwa na butwaa, kwani umaskini wa mahali pale wanauona kwa macho. Mzee akasema milima haikuuzwa, basi bei ni ya nini?

Alitusimulia pia habari za Whiteclay, kijiji kilicho mpakani upande wa Nebraska. Pine Ridge hairuhusiwi kuuzwa pombe, lakini pale, karibu kabisa na mpaka, maduka manne yaliuza mamilioni ya makopo ya bia kila mwaka, hadi yalipofungwa mwaka 2017. Wenyeji walipigania jambo hilo kwa miaka mingi. Kisa hiki tuliona kinafaa kusimuliwa katika misikiti.

Siku ya nne tulikwenda Wounded Knee, ambako tarehe 29 Desemba 1890 wanajeshi waliwaua Walakota wanaokadiriwa kuwa kati ya 150 na 300, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Wengi wao wamezikwa juu ya kilima katika kaburi moja refu lililozungushiwa uzio, na watu hufunga vitambaa vya rangi katika uzio huo. Tulisimama kimya. Alasiri ilipoingia tuliteremka kilima, kwa kuwa hatusali makaburini, tukaelekea kaskazini-mashariki na kuswali majanini.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja. Walakota humwita bibi unci, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alitupikia supu ya nyati. Tulipomweleza kwa haya kwamba nyama isiyochinjwa kwa taratibu zetu hatuili, hakuuliza la pili. Aliinuka akabandika sufuria nyingine ya mahindi na timpsila, mizizi ya porini wanayoisuka kama nywele na kuianika. Akakaanga na mikate katika mafuta ya mimea, na vijana wakapiga kelele: mandazi!

Sasa tuseme aibu yetu. Tulikuwa tumebeba magunia kumi na moja ya nguo. Unci na binti zake walipoyafungua, tuliona koti lililochanika mkono na kiatu kisicho na mwenzake. Hakusema neno. Alilikunja koti vizuri, akaliweka pamoja na kile kiatu kando ya gari letu. Tangazo la kukusanya nguo tuliliandika sisi wenyewe, tena tuliandika: leteni nguo msizozihitaji.

Jioni ya mwisho alitusimulia kwamba alipokuwa mtoto alipelekwa shule ya bweni, akakatwa nywele, na kila alipotamka Kilakota alipigwa. Kisha akawaomba vijana wetu waseme kitu kwa lugha ya bibi zao. Wakatazamana. Mmoja alisema jambo, akacheka peke yake. Hatimaye binti mdogo kuliko wote akainama na kusema: shikamoo, bibi. Tukamfundisha Unci kuitikia marahaba, naye akairudia mara tatu mpaka ikakaa. Halafu akauliza, bila kejeli yoyote, ni nani aliyewapiga watoto hawa hata wakaiacha lugha yao.

Hatukuwa na jawabu. Yeye akaingia ndani, akatoka na blanketi la viraka lenye nyota kubwa katikati, kazi ya mikono yake ya majira mazima ya baridi, akatukabidhi.

Blanketi hilo limeleta mjadala katika kamati. Wengine walitaka litundikwe ukumbini, wengine wakasema litawashughulisha wenye kuswali. Kwa sasa liko darasani kwa watoto, nao hujifunika asubuhi za Jumamosi kabla joto halijapanda.