Mwalimu Aliyerudi Chuoni

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Historia alihamishwa, na mwalimu wa Jiografia, mtu mwenye mvi, akapewa kipindi chake. Kazi hiyo hakuisomea. Alikuwa akiandika tarehe ubaoni, nasi tukinakili, basi.

Likizo ilipofika alifunga mizigo akaenda chuoni kusomea ufundishaji wa Historia. Likizo zilizofuata akafanya vivyo hivyo. Tulimcheka. Mimi nilisema kwa sauti, "Mzee ana cheti tayari, anatafuta nini tena?" Alinisikia, akanyamaza.

Siku moja, tukiwa kidato cha nne, alitufundisha habari za Kabalega wa Bunyoro, aliyekamatwa mwaka 1899, akapelekwa Shelisheli, akafia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Tarehe hizo tulizijua. Kisha akauliza, "Maofisa wa Kiingereza waliandika yao. Je, wazee wa Bunyoro husemaje?" Akanitazama, maana ndiko kwetu. Sikuwa na jibu.

Likizo hiyo nilikwenda kwa bibi na daftari. Akanieleza Nyangire ya mwaka 1907, Wanyoro walipowakataa machifu wa Kiganda, kama alivyosimuliwa na babu yake. Niliporudi nilimwomba mwalimu radhi. Alicheka tu, akaniambia nilisomee darasa daftari langu.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Lau mwalimu asingalirudi chuoni, maneno yake yangalizikwa pamoja naye. Wenzangu, msimcheke mtu mzima aliyeshika kalamu. Elimu haina mwisho.