Mguu wa Mpanda Farasi

Mwanadamu akijiandaa kwa vita hukumbuka kwanza kichwa, kisha kifua. Mguu hukumbukwa mwisho. Labda ni kwa sababu uko mbali na macho, na tena umezoea mavumbi. Lakini walikuwapo watu walioufikiria mguu mapema, nao ni wapiganaji wa farasi wa nyika za Asia ya Kati katika karne ya 13, Wamongoli na majirani zao Waturuki.

Sababu yao ni rahisi kuielewa. Mtu akiwa juu ya farasi, kichwa chake kiko mbali na askari wa miguu, lakini goti, muundi na wayo wake vinaning'inia pale pale penye panga na mikuki. Tena mguu ndio uliobeba kazi. Mpiga upinde wa Kimongoli alisimama juu ya vikuku vya chuma huku farasi akienda mbio, mikono yake yote miwili imeshika upinde na mshale. Mguu ukijeruhiwa, upinde nao umekwisha.

Kiatu chenyewe kilikuwa buti la ngozi, na ndani yake soksi ya sufu iliyoshindiliwa, maana baridi ya huko ni adui asiyejua suluhu. Mwenye uwezo aliongeza deraya. Mtawa wa Kiitalia, Giovanni da Pian del Carpine, aliyetumwa na Papa Innocent wa Nne mwaka 1245, aliandika jinsi deraya hiyo ilivyotengenezwa: vibamba vyembamba vya chuma, upana wa kidole na urefu wa kiganja, kila kimoja kimetobolewa matundu manane, vyote vikafungwa pamoja kwa kamba za ngozi. Viling'arishwa hata mtu akaweza kujitazama uso. Mguu nao ulikuwa na kipande chake. Kufikia karne ya 15, mafundi wa Anatolia na Iran walikuwa wakitengeneza vyuma vya muundi vilivyounganishwa na wavu wa pete za chuma, ukafunika wayo kwa juu. Kibamba kimoja peke yake hakizuii kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Msomaji ataniuliza, mtu wa Pwani ana nini na mabuti ya Wamongoli? Nina haja nayo. Mimi ni mgonjwa wa kisukari, na ugonjwa huu umenila mishipa ya fahamu ya miguu. Nikikanyaga moto sijui, nikikanyaga mwiba sijui. Daktari aliniambia maneno machache: usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kidonda kidogo nisichokisikia kinaweza kuupeleka mguu mzima kwenye msumeno. Na mimi nimelelewa katika desturi ya kuvua viatu mlangoni. Kwetu kiatu kikivuka kizingiti, heshima imebaki nje.

Siku ya kwanza nilipoingia kwa mjomba wangu na viatu miguuni, nilimwamkia, akaitikia, kisha akaitazama miguu yangu kwa muda.

"Mpwa wangu," akasema, "siku hizi nyumba yangu imekuwa barabara?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, asiseme neno, akaagiza kahawa. Sikujua kama nimesamehewa au nimevumiliwa tu.

Ndipo nikazidi kumfikiria mtawa mwingine, William wa Rubruck, aliyefika kambini kwa Möngke Khan mwishoni mwa Desemba 1253. Alikuwa wa shirika la Mtakatifu Francis, na kwa desturi ya shirika lake alikwenda peku kwenye baridi ile. Watu walimzunguka yeye na wenzake wakiwashangaa, wakauliza kama hawana haja tena na miguu yao, maana bila shaka wataipoteza. Kesho yake asubuhi ncha za vidole vyake ziliganda kwa baridi, asiweze tena kwenda peku. Simwoni kuwa alipungukiwa na unyenyekevu kwa kufunika miguu. Unyenyekevu wake ulikuwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo ilihitaji miguu.

Upande wa pili yuko Jelme. Habari zake zimo katika Historia ya Siri ya Wamongoli. Mwanzoni mwa karne ya 13, kabla Temujin hajaitwa Chinggis Khan, alijeruhiwa shingoni vitani. Jelme aliifyonza damu ya jeraha mpaka usiku wa manane. Mgonjwa alipozinduka akasema ana kiu. Jelme akavua kofia, akavua buti, akavua nguo zote isipokuwa ya ndani, akakimbia hivyo hivyo hadi katika kambi ya adui kutafuta maziwa. Hakuyapata, ila alirudi na chombo cha maziwa mgando, akayachanganya na maji, akamnywesha. Alikuwa amekwisha kupanga kwamba akikamatwa atasema ametoroka kwa Temujin, wenzake wakamgundua na kumvua nguo. Mtu aliyevaa buti na deraya asingesadikiwa.

Basi mmoja alivaa, mwingine alivua, na wote wawili walikuwa sahihi. Jelme alivua kwa ajili ya mtu aliyekuwa akifa. Rubruck alivaa ili safari yake isife. Nikiwatazama hao, naona kwamba heshima haikai katika ngozi ya kiatu, wala haikai katika wayo mtupu. Inakaa kwa yule ambaye kwa ajili yake tunavaa au tunavua.

Siku hizi natembea na jozi mbili. Moja ni ya njiani, na nyingine ni safi, haijapata kukanyaga udongo, naibeba mfukoni na kuivaa nikiwa kizingitini. Wenye nyumba wananiona nikiinama kubadili, nao wanangoja. Wajukuu zangu wanacheka wakisema babu ana viatu vya kulalia. Acha wacheke. Nataka kuwatembeza shuleni miaka mingi bado, na safari hiyo sitaiweza kwa mguu mmoja.