Msiba Usio na Mfiwa

Somo la kwanza ni la mikono. Anayejifunza kuhifadhi nyaraka huambiwa anawe, ajikaushe hadi katikati ya vidole, ndipo aguse karatasi. Akishika picha atavaa glavu, maana jasho la kidole huacha alama isiyofutika juu ya sura ya mtu. Kabla hajafundishwa kuokoa, anafundishwa kwamba yeye mwenyewe yumo miongoni mwa wanaoharibu. Ni elimu gani hii, inayoanza kwa kumshuku mwanafunzi wake?

Kisha anaonyeshwa maadui wengine. Mchwa, anayepanda ukutani kimya. Vidudu vya rangi ya fedha, vinavyofuata wanga wa gundi kwenye migongo ya vitabu. Mwanga, unaoila rangi huku ukitujalia kuiona. Na huku mwambao, hewa yenyewe: ile hewa nzito ya masika, inayouvimbisha utando wa picha mpaka ukagandamana na kioo cha fremu. Siku ya kuitoa, ndugu wawili waliosimama pamoja mbele ya kamera wanabaki nusu kwenye kioo, nusu kwenye karatasi.

Wazee walituachia neno: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa fikra kama hiyo ICCROM, taasisi ya uhifadhi yenye makao yake Roma, ilianzisha mwaka 1986 mpango wa PREMA, kuwafunza watumishi wa makumbusho za Afrika namna ya kuuzuia uharibifu kabla haujaingia. Mpango ulipofikia tamati mwaka 2000, Mombasa ilikuwa imepata kituo chake cha mafunzo, ambacho baadaye kilijulikana kama CHDA. Naikubali hekima ya kuziba nyufa. Lakini ufa ukiwa umo ndani ya tofali lenyewe, utauzibia wapi?

Maana karatasi ya massa ya mbao, iliyoenea duniani tangu katikati ya karne ya 19, huzaliwa na asidi yake. Ya magazeti ndiyo dhaifu kupita zote. Ifikirie nakala ya Mambo Leo, lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, pamoja na mashairi ya wasomaji wake. Ifungie gizani, mbali na mchwa na mvua. Bado itageuka manjano, kisha kahawia, kisha itakatika pale ilipokunjwa. Hakuna aliyeidhuru. Inakufa kwa kile ilichoumbwa nacho.

Na huko Siyu, kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu kwa mkono, enzi ambayo karatasi nyingi zilitokana na matambara ya kitani na pamba. Karatasi ya namna hiyo, isipoliwa na wadudu, hujikunja na kujikunjua hata leo. Basi ya zamani hudumu, ya juzi inavunjika. Tulidhani wakati unakula kwa zamu, wa kwanza kuja akiwa wa kwanza kuondoka. Nani alitwambia hivyo?

Picha nazo zina vifo vyake. Filamu za asetati huanza kutoa harufu ya siki, na mvuke wake ukaziambukiza jirani zake ndani ya boksi. Picha za rangi za miaka ya 1970 hupoteza kijani na buluu, mpaka harusi nzima ikabaki katika wekundu mmoja: bibi harusi, mashangazi, mazulia, mbingu. Mhifadhi akizipeleka mahali penye baridi, wekundu utasimama hapo ulipofika. Haurudi nyuma. Amehifadhi nini hapo: harusi, au kufifia kwake?

Hata huruma inaweza kuua. Miaka ya 1930, Marekani, William Barrow alianza kuzifunika nyaraka kwa filamu ya asetati, akizibana kwa joto ili zisivunjike. Wengi walimfuata kwa nia njema. Waliokuja baada yao wametumia miaka kuzibandua. Ndiyo maana leo mwanafunzi hupewa gundi ya wanga wa ngano na karatasi nyembamba ya Kijapani, vitu ambavyo maji kidogo yatavilegeza. Anaambiwa: usifanye lolote ambalo mwenzako wa kesho hataweza kulitengua. Ni somo zito kuliko linavyosikika. Ni watu wangapi, katika kazi nyingine zote za dunia, wanaofundishwa kuacha nafasi ya kusahihishwa na wasiowajua?

Na huyo aliyefunzwa, naye atahifadhiwa na nani? Atahamishwa idara. Atastaafu. Vidole vilivyojua, kwa kugusa tu, kama ukurasa utastahimili kufunguliwa, vitaondoka naye. Mwongozo utabaki rafuni, lakini mwongozo hauna vidole.

Tarehe 18 Aprili 2021, moto wa mlimani uliifikia Maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Takriban machapisho 70,000 ya masomo ya Afrika yaliteketea. Yaliyokuwa katika maghala ya chini yaliepuka moto, yakaloweshwa na maji ya kuuzimia. Karatasi mbichi huota ukungu ndani ya siku mbili hivi. Wanaojua hukimbilia kuigandisha kwa baridi, ili uamuzi wa kuikausha usubiri. Lakini mikono huwa michache kuliko maboksi. Kipi kitangulie? Mafunzo humpa mtu mpangilio wa kuchagua. Je, humfundisha pia kulala usingizi usiku wa siku aliyochagua?

Nikiwaza hayo, najiuliza mafunzo haya ni ya nini, ikiwa asidi haina subira na wekundu haurudi nyuma. Nadhani nimekuwa nikilitazama jambo hili upande mmoja tu. Nyaraka nyingi duniani hupotea bila mtu kujua kwamba zilikuwepo. Barua huliwa na mchwa ndani ya sanduku, na hakuna anayelia, kwa kuwa hakuna aliyeisoma. Huo ni msiba usio na mfiwa, na huenda ndio upotevu uliokamilika.

Aliyefunzwa hauzuii msiba. Anaukawiza, na wakati mwingine hata hilo halimudu. Lakini ameuona ukurasa, ameandika kwa penseli ulivyokuwa, amejua kipi kilichopungua. Ukiondoka, kuna mtu mmoja anayeweza kusema ni nini kimeondoka. Sijui kama hiyo inatosha kuitwa hifadhi. Ninachokijua ni kwamba bila yeye hata huzuni yetu isingekuwa na jina la kuita.