Nusu kilo ya misumari na programu ya duka

Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho sisi waandishi wa programu hukiacha hadi siku ya mwisho, halafu tunakifanya mbio mbio: kiolesura. Kwa asiyelijua neno hili, kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa, yaani skrini, vitufe, menyu na visanduku vya kujaza. Tukienda kuuza programu kwa mfanyabiashara huwa tunamwonyesha ripoti na hesabu nzuri nzuri. Lakini anayeishi na programu hiyo kutwa ni karani, na karani haoni ripoti. Anaona visanduku tu.

Nitawapa mfano wa kazi niliyofanya Mukuru kwa Njenga, katika duka la vifaa vya ujenzi, haya tunayoyaita hadiwea.

Kwa wasiopajua, Mukuru kwa Njenga iko Embakasi Kusini hapa Nairobi, jirani na Eneo la Viwanda. Nyumba nyingi ni za mabati. Mwaka 2021 maelfu ya watu walibomolewa nyumba zao huko kupisha barabara. Mtu hujenga kidogo kidogo kadiri ya mfuko wake, kwa hiyo mteja wa hadiwea huku haji kununua katoni. Anakuja saa kumi na mbili jioni akitoka kazini, anasema: "Nipe misumari ya inchi tatu, nusu kilo." Mwingine anasema: "Bati mbili, na misumari ya bati ya shilingi hamsini." Giza linaingia na kila mtu ana haraka.

Mwenye duka alikuwa amenunua programu ya mauzo kutoka kampuni moja ya mjini. Kwa ndani ilikuwa programu safi. Shida ilikuwa skrini ya kuuzia. Ilikuwa na visanduku 14: msimbo wa bidhaa, namba ya ghala, kundi la kodi, namba ya mteja, na kadhalika. Tena kisanduku cha idadi kilipokea namba nzima pekee. Karani akiuza nusu kilo na kuandika 0.5, anapata maandishi mekundu ya Kiingereza. Foleni inamngoja. Basi anaandika 1 na kuendelea.

Sasa piga hesabu nami. Kilo ya misumari ilikuwa shilingi 160. Kwenye droo imeingia 80, kwenye kompyuta imesomeka 160. Mauzo kama hayo 20 kwa siku ni pengo la shilingi 1,600. Usiku kompyuta inatangaza kwamba pesa zimepotea. Mwizi ni nani? Ni yule aliyekaa kwenye kaunta. Nilipoitwa, karani alikuwa ameshaanza kukatwa mshahara.

Mama mwenye duka alitaka programu mpya kabisa. "Mwanangu," akaniambia, "nataka yenye kufuli, isiyoweza kuchezewa na mtu." Nikamwomba: "Mama, nipe siku mbili nisimame nyuma ya kaunta kwanza, halafu tutaongea bei."

Siku ya pili jioni tuliipima misumari iliyobaki, sote watatu, kwenye mizani ile ile ya duka. Kwenye rafu kulikuwa na kilo nyingi kuliko zile ambazo kompyuta ilisema zimebaki. Nikamuuliza mama, je, kuna mwizi anayechukua pesa na kuacha misumari ya ziada? Alinyamaza kidogo, kisha akamwambia karani alete daftari la mauzo.

Wasomaji wangu mnaojua mambo ya ndani mtapenda hili: hifadhidata ya programu ile ilikubali desimali bila tatizo lolote. Fomu ya juu ndiyo iliyokataa. Tena programu ilikuwa na API, yaani mlango wa kupokea mauzo kutoka programu nyingine. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuandika programu mpya. Niliandika uso mpya tu, ukurasa mwepesi wa HTML na JavaScript, ukafunguka kwenye kishikwambi cha bei ya chini. Haya ndiyo niliyobadilisha:

1. Maneno ni ya duka. Badala ya msimbo wa herufi na namba, kitufe kimeandikwa "Msumari inchi 3".

2. Vipimo ni vya mteja. Kuna robo, nusu, kilo, na "ya pesa". Ukibonyeza "ya pesa" na kuandika 50, programu yenyewe inakokotoa uzito wa kupima.

3. Kati ya visanduku 14 vimebaki vitatu: bidhaa, kipimo, malipo. Vile 11 vingine programu inavijaza yenyewe, kwa sababu majibu yake yalikuwa yale yale kila siku.

4. Vitufe ni vikubwa. Vidole vya mtu wa hadiwea vina vumbi la saruji.

5. Stima ikipotea, mauzo yanabaki kwenye kishikwambi na kutumwa baadaye.

Kazi nzima ilichukua wiki tatu. Mwisho wa mwezi uliofuata droo na kompyuta vilikubaliana, na mama alimrudishia karani pesa zote alizomkata.

Msidhani haya ni mambo ya maduka madogo tu. Angalieni M-Pesa. Majaribio yalianza Oktoba 2005 pamoja na Faulu Kenya, lengo likiwa kulipa mikopo midogo, kisha huduma ikazinduliwa kwa umma Machi 2007 kama ya kutumiana pesa. Sehemu kubwa ya nguvu yake ilikuwa menyu fupi ndani ya laini ya simu, iliyofanya kazi hata kwenye simu ya bei rahisi kabisa. Lakini kwa miaka mingi, ukituma pesa, kabla ya kuthibitisha uliona namba ya simu na kiasi tu. Jina la mpokeaji lilikuja kwenye ujumbe mfupi, pesa zikiwa zimeshaenda. Ukikosea tarakimu moja, uligundua baada ya kutuma.

Mwaka 2015 Safaricom ilileta Hakikisha: jina linatokea kwanza, na unapewa nafasi ya kusitisha. Fikirini kidogo. Mfumo ulilijua jina lile miaka yote, ndiyo maana uliweza kuliandika kwenye ujumbe. Kilichobadilika ni wakati wa kulionyesha. Ni kama misumari yetu: data ilikuwepo, ila skrini haikumsaidia mtu kwa wakati aliouhitaji.

Ndiyo maana nasema kiolesura si mapambo. Fomu mbaya humlazimisha mtu mwaminifu kuandika uongo, kisha ripoti inamshtaki kwa uongo huo huo. Na kwa kuwa ripoti imetoka kwenye kompyuta, nani atamwamini karani?

Kwa wenye biashara: kabla ya kutoa pesa za programu mpya, muulizeni mnayetaka kumlipa kama iliyopo inaweza kuvalishwa uso mwingine. Mara nyingi inawezekana, na gharama huwa ndogo zaidi.

Kwa waandishi wenzangu: nenda usimame nyuma ya kaunta jioni moja, wakati wa foleni, ukiwa na daftari. Kila mara karani anapoandika kitu tofauti na kilichotokea, kiandike. Ukirudi nyumbani, anza kazi na orodha hiyo.