Matembezi Kando ya Mto Morogoro

Mto Morogoro si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mtoto mdogo aweza kuuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe, wala asilowe magoti. Washuka kutoka milima ya Uluguru, chini ya kilele cha Lupanga ambacho kimo chake ni meta 2,138, wapita katika mji wa Morogoro, kisha watoka upande wa kaskazini na kuonana na mto Ngerengere. Ngerengere nao huingia katika Ruvu, na Ruvu humwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Basi mtu wa Dar es Salaam afunguapo bomba lake, huenda anakunywa mvua iliyonyesha Uluguru, hata kama hajapata kuiona milima yenyewe kwa macho.

Mwaka mmoja, katika likizo ya mwezi wa Juni, mwanafunzi wa darasa la sita alitoka Mikese kwenda Morogoro kukaa kwa mjomba wake. Si mbali, ni kilometa 30 hivi. Kwa Waluguru mjomba ni mtu mkubwa sana, maana ukoo hufuata upande wa mama, na shamba la ukoo mtu hulipata kwa ndugu za mama yake. Kwa hiyo mama alipomfungia mzigo wake alimwambia, "Mwanangu, usiende kama mgeni. Kule ndiko kwenu."

Kijana huyo alidhani ya kuwa Mikese hapana habari yo yote, ni mahali pa kupitwa na magari tu. Watu wengi hudhani hivyo juu ya kwao. Lakini njia ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, ilipita Mikese, na Henry Morton Stanley aliliandika jina la mahali hapo alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Baadaye ikaja reli, ikafika Morogoro mwaka 1907. Na katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipokwisha kuiteka Morogoro mwezi wa Agosti 1916, Mikese pakawa bohari ya jeshi. Kutoka hapo vyakula na risasi vilichukuliwa kusini kwa njia ya Duthumi mpaka upande wa mto Mgeta, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa homa, kwa kuhara na kwa njaa, na walio wengi hawana kaburi lijulikanalo. 

Mjomba alikuwa mkulima wa mboga. Bustani yake ilikuwa upande wa chini wa mji, mahali ambapo mto umekwisha kuacha mawe na kuanza kwenda polepole katika udongo mweusi. Alipanda mchicha, figiri, nyanya na bamia. Lakini bustani haikuwa ukingoni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kulima ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, naye aliifuata, jambo ambalo si jirani zake wote walilifanya. Wao walipata maji kwa kuinama. Yeye aliyapata kwa kutembea. Tena masika ya mwaka huo yalikuwa haba, na baada ya mwaka mmoja kijana angemaliza darasa la saba. Baba yake alikwisha kufariki, basi sare, godoro na sanduku la shule ya bweni vilikuwa vikimngoja mjomba. Kwa sababu hiyo mjomba alikata shauri kuchimba mfereji kutoka mtoni mpaka bustanini. Vigingi alikwisha kuvipiga, na mpwa wake aliitwa aje kushika jembe.

Hata hivyo, siku ya kwanza hawakushika jembe. Mjomba alitaka kijana auone mto wote, toka juu. Alisema, "Humwamrishi mtu usiyemjua."

Waliondoka alfajiri, wakapanda upande wa kusini mpaka mahali ambapo mto washuka kwa kishindo kati ya mawe makubwa meusi. Maji ya huko ni baridi na safi, hata kijana alipoyatia mkono aliutoa upesi. Wakakaa juu ya jiwe, wakala mihogo yao. Njiani walikuwa wakiteremka wanawake wa milimani, kila mmoja na tenga kichwani, wengine wamechukua kabichi na karoti, wengine ndizi, wengine maharagwe mabichi. Miguu yao haikutafuta njia, ilijua. Mjomba aliamkiana na bibi mmoja mzee aliyetua tenga lake ili apumzike.

"Shikamoo, bibi," kijana akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwatoka wapi asubuhi yote hii?"

Mjomba akamweleza. Bibi akacheka kidogo, akaelekeza kidole mtoni. "Mawe yale matatu," akasema, "nilipokuwa msichana hayakuonekana mwezi huu. Yalikuwa chini ya maji." Akajitwika tenga lake akaenda zake, maana soko halimngojei mtu.

Sababu ya mawe yale kuonekana si moja. Watu wa milimani wameongezeka, na penye miteremko mikali jembe hulegeza udongo, mvua ikauchukua. Serikali ya Kiingereza iliona jambo hilo, ikajaribu katika miaka ya 1950 kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Ilikuwa kazi nzito isiyo na faida, kwa kuwa matuta yalipindua udongo usiozaa ukawa juu. Mwaka 1955 pakatokea ghasia huko Matombo, na mpango ukaachwa. Yafaa kukumbuka ya kuwa shauri jema likitolewa kwa amri, na tena likakosea udongo, watu hulichukia lote pamoja na wema wake. Misitu ya juu sasa ni hifadhi ya asili tangu mwaka 2008, na hiyo ndiyo inayoushika ukungu na kuutiririsha kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi.

Wakashuka na mto mpaka mjini. Hapo juu bado una miti mikubwa yenye kivuli, na nyumba za zamani zenye baraza pana. Chini kidogo wakafika penye madaraja. Wanawake walikuwa wakifua nguo na kuzianika juu ya mawe, nyekundu na buluu na kijani, kama bendera. Watoto walioga wakipiga kelele. Lakini kila walipozidi kushuka ndipo maji yalipozidi kubadilika rangi. Chupa za plastiki na matambara vilikuwa vimenasa katika mizizi, na mahali pamoja harufu ilimfanya kijana azibe pua. Mjomba, ambaye tangu asubuhi alikuwa akieleza kila kitu, hapo hakusema neno. Wakapita soko, wakapita reli, wakatokea penye uwanda mpana, ambapo milima yaonekana nyuma yote kama ukuta.

Kijana akauliza, "Mjomba, mji wa zamani ulikuwa wapi?"

"Katika uwanda huu wa Ngerengere," mjomba akajibu. Kijana akatazama huku na huku atafute mnara, asiuone. Aliona mahindi makavu na mbuzi watatu. Basi wakakaa chini ya mwembe, na mjomba akamsimulia habari za Simbamwene, nyingine alizozisikia kwa wazee, na nyingine zilizomo katika kitabu alichokitoa Stanley mwaka 1872.

Zamani, kabla ya Wadachi, palikuwa na mtu mwenye nguvu aitwaye Kisabengo. Wazee husema ni Mzigua. Wakimbizi wengi walimjia, na kati yao walikuwamo watumwa waliotoroka mabwana zao. Kwa watu hao akaupata ukuu wake. Stanley hakumpenda, akamwita mwizi na mteka watu. Yamkini alikuwa hivyo, lakini si kila mwizi ajengaye mji. Mji wake ulizungukwa na ukuta, na kila pembe palikuwa na mnara wa mawe. Malango yalikuwa manne, moja mashariki, moja magharibi, moja kaskazini na moja kusini, na milango yake ilikuwa ya mbao ngumu iliyochorwa nakshi za Kiarabu kama milango ya Unguja. Stanley alipofika Aprili 1871 alikisia nyumba 1,000 na watu 3,000, au pengine hata 5,000. Kisabengo alikwisha kufa, na mtawala alikuwa binti yake, naye akiitwa Simbamwene kama mji wenyewe. Wajumbe wake walimwendea Stanley kudai hongo, kama ilivyokuwa desturi ya wenye nchi. Akawajibu ya kuwa msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa. Bibi huyo hakuwa mtu wa kuchezewa. Baadaye aliwakamata na kuwafunga watu wa Stanley waliotumwa kumtafuta mpishi wake aliyepotea.

"Lakini kitu walichojivunia kuliko malango," mjomba akasema, "kilikuwa ni mfereji."

Kijana akainua kichwa.

"Ndiyo. Kisabengo aliona taabu watu wake kuyafuata maji mbali. Akawaamuru wachimbe mfereji mkubwa, mkono mmoja wa Ngerengere ukaletwa karibu na mji. Fikiri, mpwa wangu, furaha yao. Akina mama hawatembei tena. Adui akija, maji yako mlangoni. Na kila mgeni husifu."

Miaka ikapita na mfereji ukawa baraka tupu. Kisabengo alikufa akiuacha hivyo. Mwaka 1872 ikaja masika kubwa mno. Ni mwaka ule ule ambao tufani iliipiga Unguja, ikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Mto Ngerengere ukafurika usiku, maji yakatafuta njia, nayo yakakuta njia imekwisha kuchimbwa tayari. Yakaufuata mfereji mpaka mjini. Stanley, alipokuwa akirudi kutoka Ujiji, alikuta ukuta wote wa mbele umechukuliwa, na nyumba kama 50 pamoja nao. Vijiji vingi vya bondeni havikuonekana tena. Binti Kisabengo alikuwa amekimbia. Na mto, kama mtu aliyekwisha kufanya kazi yake, ukajifanyia njia mpya kiasi cha yadi 300 kutoka mjini.

Mtu aweza kusema ya kuwa ilikuwa bahati mbaya tu, kwa maana mvua ya namna ile haiji kila mwaka. Kweli. Lakini mji haujengwi kwa ajili ya miaka ya kawaida peke yake.

Mjomba alipomaliza hawakusema kitu kwa kitambo. Kisha wakaondoka kwenda bustanini. Vigingi vilikuwa vimesimama kwa mstari mzuri, kumi na vinne, kuanzia penye matete ya ukingoni mpaka penye nyanya. Kijana akavihesabu, akavihesabu tena. Alitaka kunena, lakini aliona haya kumfundisha mtu mzima. Mwisho akasema, "Mjomba, wetu utakuwa mdogo sana."

"Upana wa jembe moja," mjomba akajibu. Halafu akamshika mkono akampeleka hatua chache juu ya mto, kwenye bustani iliyoachwa. Hapo jirani mmoja alikuwa amechimba mfereji wa upana wa jembe moja, miaka minne nyuma. Sasa lilikuwa ni korongo. Kijana aliposimama ndani, ukingo ulimfika kifuani. Nusu ya bustani ilikuwa imekwenda, na mizizi ya mpapai ilikuwa ikining'inia hewani.

"Nilijua," mjomba akasema. "Nilikuwa nikipita hapa kila siku nikatazama upande wa pili. Nilikuwa nikifikiri habari za godoro lako."

Akarudi penye matete, akang'oa kigingi cha kwanza, kisha cha pili. Vile vya karibu na nyanya aliviacha, ili avitumie kwa kupima kisima. Maana katika udongo mweusi kama ule maji huwa hayako chini sana, na mkulima mmoja wa ng'ambo alikuwa amechimba akayapata. Lakini kisima ni kazi ya siku nyingi, na kabla ya kuona maji hakuna ajuaye kama yapo. Mchicha nao haungoji.

Jioni ile wakachota kwa ndoo, wakipita kijinjia chembamba kati ya matete, mmoja akienda na mmoja akirudi. Bustani yote ilikunywa ndoo 42. Mjomba alichota 24 na kijana 18, na mikono yake ikatoka malengelenge. Asubuhi yake wakaanza kuchimba kisima. Udongo wa juu ulikuwa mkavu.