Kifaranga Ndani ya Boneti

Hatujafika hata Kibamba, mama mkubwa akaniuliza nimempakia nani kuku.

"Kuku gani, mama?"

"Huyo anayelia. Kifaranga. Au mimi ndiye nasikia vibaya?"

Hakusikia vibaya. Tangu Ubungo nilikuwa nimeipandisha redio makusudi asiusikie mlio huo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuendesha mwenyewe hadi Iringa, kilomita kama 500, kwa gari langu mwenyewe, mtumba mdogo wa Kijapani niliomaliza kuulipia mwezi ule ule. Miaka yote nilikwenda kwa basi, kichwa kimeegemea kioo, nikizinduka Msamvu kununua karanga. Safari hii nilitaka mama mkubwa ashushwe mlangoni pake na binti wa mdogo wake, na majirani waone. Sasa gari lenyewe linalia njia nzima kama mtoto aliyenyimwa uji.

Mlio huo nilikuwa nao kwa miezi miwili. Mwanzoni ulikuwa wa asubuhi tu, nikiwasha gari likiwa bado la baridi: yowe kali, sekunde chache, halafu kimya. Fundi wa mtaani kwetu alifungua boneti, akasema mkanda umechoka, akafunga mpya. Wiki mbili baadaye ukalia tena. Akalegeza bolti ya altaneta, akaisukuma kwa kipande cha bomba, akakaza. Ukarudi. Akakaza zaidi, na mara hiyo akaupaka mkanda sabuni ya mche, ujanja ambao kila dereva wa daladala anaujua. Sabuni inanyamazisha kweli, siku mbili tatu. Halafu inashika vumbi, na vumbi likishakaa kwenye mifereji ya mkanda linageuka msasa.

Mafundi wanauita feni belti mpaka leo, ingawa feni ya gari langu inaendeshwa na umeme wala haina habari na mkanda. Vinavyozungushwa nao ni altaneta, inayochaji betri, na pampu inayosukuma maji ya kupoza injini. Ukikatika, taa ya betri inawaka, maji yanaacha kuzunguka, na injini inaanza kuchemka. Kwenye foleni ya Mwenge hilo ni usumbufu. Katikati ya Mikumi, saa mbili usiku, ni habari nyingine.

Baada ya Mlandizi nilizima redio, maana siri ilishafichuka, nikaanza kusikiliza. Niliwahi kuambiwa na dereva mmoja wa teksi kwamba mkanda uliolegea hulia zaidi altaneta ikibebeshwa mzigo. Nikawasha taa kubwa, kipulizia, na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma, mchana kweupe. Dereva wa basi lililokuwa linakuja akanimulika akidhani namwonya kuna trafiki wenye tochi mbele. Mlio haukuongezeka wala kupungua. Nikawasha kiyoyozi, ambacho kina mkanda wake. Hakuna tofauti. Niliposimama Chalinze nikakata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Ulikuwa ule ule, chwi-chwi-chwi, ukienda mbio nikikanyaga mafuta, ukipoa nikiachia.

Dereva wa lori aliyekuwa anakunywa chai pembeni akaja bila kuitwa, kama wanavyokuja wote boneti ikifunguliwa. Akachukua chupa yangu ya maji, akatoboa kizibo kwa msumari, akaurushia mkanda maji kidogo upande wa mifereji huku injini inaunguruma. Kimya. Tulitazamana. Mama mkubwa akapiga makofi. Nikamnunulia yule bwana chai ya pili, nikaondoka nikijiona fundi.

Kifaranga alifufuka kabla ya Mdaula.

Msamvu nikaulizia gereji, nikaelekezwa chini ya mwembe kwa fundi wa makamo aliyevaa ovaroli isiyokumbuka tena rangi yake. Alimwamkia mama mkubwa kwanza, akampa benchi kivulini, ndipo akanigeukia. Hakugusa kitu. Alitaka nimweleze: ulianza lini, unalia wakati gani, nani alifanya nini. Nilipofika kwenye maji ya Chalinze akanikatiza.

"Ulinyamaza au ulizidi?"

"Ulinyamaza, fundi. Halafu ukarudi."

"Basi haujalegea. Mkanda uliolegea ukiumwagia maji unateleza zaidi, unapiga yowe. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, unapita upande. Kuna puli haijakaa sawa." Akamtazama mama mkubwa. "Mama, gari lilikuwa linaliaje?"

"Kama kifaranga."

"Umesikia, dada? Mama ameshapima. Kulegea hakulii kama kifaranga."

Mama mkubwa alijinyoosha kwenye benchi lake, na kwa siku nzima iliyobaki hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Fundi akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwili wa altaneta na mpini sikioni, injini ikiwa inazunguka. Akanipa na mimi, akinionya niweke mtandio mbali na mkanda. Altaneta ilivuma laini, kama mashine ya kusaga ya kijiji cha jirani. Akahamishia ncha kwenye pampu ya maji. Huko ndani kulikuwa na mtu anatafuna mchanga.

Akazima, akalegeza altaneta, akautoa mkanda, akashika puli ya pampu kwa vidole viwili na kuitikisa. Ilicheza. Kidogo sana, labda unene wa kucha, lakini chuma kile hakitakiwi kucheza hata kidogo. Kisha akamulika tochi ya simu chini yake. Pana tundu dogo pale, limewekwa makusudi na waliotengeneza pampu, ili maji yakipenya kwenye sili yatokee nje badala ya kuingia kwenye beringi. Kuanzia tunduni kushuka chini kulikuwa na mchirizi wa waridi uliokauka: kulanti yangu, ambayo nilikuwa naiongeza kila wiki nikidhani rejeta ndiyo mlevi.

"Huu mkanda nani aliukaza?"

Nikasema fundi wa nyumbani. Mara tatu.

Hakumsema mwenzake vibaya, na hilo nililipenda. Alinionyesha tu kwa gumba, kwa mkanda wa gari jingine lililokuwa pale: ukibonyeza katikati ya urefu wake mkubwa, uingie kama sentimita moja. Wangu, alisema, alipoubonyeza kabla ya kuufungua ulikuwa kama waya wa gitaa. Pampu ilikuwa imeshaanza kuzeeka, ndiyo, lakini kila tulipoukaza mkanda tuliivuta shingo. Beringi ikalegea, puli ikapinda kidogo, maji yakavuja, yakadondokea mkanda, mkanda ukalia. Nasi tukasikia mlio, tukakaza.

Nilikuwa nimelipia ugonjwa huo mara tatu, na mkanda mpya juu yake.

Pampu ilipatikana duka la spea la karibu, pamoja na mkanda mwingine, na kazi ikala mchana wote kwa sababu bolti moja ilikuwa imeshikwa na kutu. Tulipomaliza ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mimi nilitaka kuondoka. Mama mkubwa akasema, "Mwanangu, tembo hawana taa za nyuma," akauliza gesti iko wapi. Kabla hatujaondoka gerejini alimwomba fundi ule mkanda ulioloa kulanti. Fundi akausuuza, akampa.

Asubuhi tukaipita Mikumi polepole, vibao vya faini za kugonga wanyama vikitupita kimoja kimoja, na twiga watatu wakitutazama kama tumechelewa. Sikuwasha redio. Gari lisilolia lina sauti nyingi ambazo sikuwahi kuzisikia: upepo kwenye kioo cha kulia, kitu kidogo kinagonga kwenye buti, mama mkubwa anavyohesabu mibuyu kwa kunong'ona baada ya Mikumi. Ruaha Mbuyuni akanunua gunia la vitunguu bila kuniuliza kama vitaenea.

Kitonga niliipanda gia ya pili nyuma ya lori la saruji, jicho moja kwenye kona na jingine kwenye mshale wa joto. Mshale ulibaki katikati, pale pale, mlima wote. Nilipofika juu nilisimama pembeni, nikafungua boneti na kuangalia chini ya pampu kwa tochi. Kukavu. Mama mkubwa hakushuka. Aliniambia tu kupitia dirishani kwamba angekuwa na hofu angesema.

Tukaingia kwake saa nane mchana. "Kamwene!" majirani wakaita, wakatoka kama nilivyotaka, lakini hakuna aliyelitazama gari. Mama mkubwa alikuwa ameshaanza kuwasimulia jinsi alivyolipima kwa sikio tangu Kibamba. Ule mkanda alikuwa ameushika mkononi akiuonyesha. Jioni niliukuta umepigwa mara mbili kwenye nguzo ya banda la mbuzi, unashikilia mlango uliokuwa umekosa komeo tangu masika.